Mwanangu hataki nije kikaoni, anataka aje baba yake mdogo

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chang'ombe hapahapa Dodoma mjini. Nauza mlenda, karanga na ubuyu soko la Majengo. Shule niliishia darasa la tano kijijini kwetu Bahi, kwa hiyo barua hii mimi nasema, binti wa jirani anachapa kwenye simu. Yuko kidato cha pili. Nimemwambia asinirekebishe maneno.

Kinachoninyima usingizi ni mwanangu wa pili. Ana miaka kumi, yuko darasa la nne, shule ya serikali. Baba yao yuko Kibaigwa anapakia magunia sokoni kule, anakuja mara moja kwa mwezi, na mwezi mwingine haji. Mambo ya shule yote yananiangukia mimi.

Mwezi uliopita mtoto alisahau daftari nyumbani. Nikaona asije akachapwa bure, nikalichukua nikampelekea, maana ni njia yangu ya kwenda sokoni. Kichwani nilikuwa na beseni la mlenda mkavu. Nikafika mlangoni mwa darasa, nikawasalimia watoto kwa Kigogo, "Mbukwenyi!" Mama Mkubwa, darasa zima liliangua kicheko. Mwalimu akawanyamazisha, lakini na yeye nilimwona anajizuia. Tangu siku hiyo mwanangu ndiye Mbukwenyi. Akipita, Mbukwenyi. Akinyoosha kidole darasani, Mbukwenyi. Juzi karudi analia, kuna wenzake wamemwambia Wagogo ni ombaomba na mama yake siku ile alikuja shuleni kuomba. Mimi sijawahi kumwomba mtu hata chumvi.

Sasa imekuja barua ya kikao cha wazazi, Ijumaa saa nane mchana. Mambo ni mawili, chakula cha mchana cha wanafunzi, na taaluma ya darasa la nne kwa sababu mwisho wa mwaka wana upimaji wa kitaifa. Mtoto kanikabidhi barua, na kabla sijaifungua vizuri akasema, "Mama, usije wewe. Aje baba mdogo." Baba yake mdogo ni mlinzi kwenye ofisi za serikali kule Mtumba, ana gwanda, buti na kofia. Nikamwuliza kwa nini. Akawa anachora chini kwa kidole cha mguu.

La pili. Mtihani wa nusu muhula, hisabati kapata 14 kati ya 50. Siku ile ya daftari mwalimu aliniambia mtoto yuko nyuma kwa sababu nyumbani tunaongea Kigogo, na kwamba soko linamharibu, nimtoe. Ni kweli akitoka shule anakuja mezani kwangu tunafunga wote saa mbili usiku, na Jumamosi nikienda mnadani Msalato tunakwenda naye. Lakini hapo ndipo sielewi. Pale mezani yeye ndiye kichwa. Mteja akitaja vitu vitatu vinne, mtoto kashajumlisha na chenji keshaishika mkononi, mimi bado natafuta mfuko.

Nikachukua daftari lake nikaangalia. Maneno yananipiga chenga ila namba nazijua, ndizo zinazonilisha. Kuna swali linasema 10,000 toa 5,100. Yeye kaandika 15,100. Kalamu nyekundu imepita hapo. Usiku ule nikamwuliza tukiwa tunamenya karanga, "Mtu kanunua vitu vya elfu tano na mia moja, katoa noti ya elfu kumi, unamrudishia ngapi?" Hata kichwa hakuinua. "Elfu nne mia tisa." Nikamfunulia daftari, nikamwambia, sasa mbona hapa umeandika hivi? Akaangalia akasema, "Hiyo ni ya shule, mama."

Nisaidie. Niende kikaoni au nimwache baba yake mdogo aende? Tuache Kigogo? Nimtoe sokoni? Na kikaoni najua watataka mchango na mwezi huu sina kitu. Mzazi kama mimi akiitwa shule huwa ni mchango au kesi. Sijui nitapeleka nini pale. Hata cha kuvaa sijui.

Mama wa Mlenda, Dodoma

*

Marahaba mwanangu. Na mbukwa.

Mwambie huyo binti kidato cha pili kazi yake nimeipenda, hasa kwa kuyaacha maneno yako kama ulivyoyasema. Barua nyingi zinazonifikia zimeshapigwa pasi mpaka mwenye shida haonekani.

Naanza na ile 15,100, kwa sababu nilipoisoma niliweka simu chini nikacheka, kisha nikanyamaza. Nimefundisha shule za msingi miaka thelathini na moja, na hilo jibu nimelikuta kwenye madaftari ya watoto mpaka nikalizoea. Najua limetoka wapi. Mtoto amepanga namba juu na chini kama alivyofundishwa, akaanza kulia kwenda kushoto. Sifuri toa sifuri, sifuri. Tena sifuri. Halafu akakutana na sifuri juu, moja chini. Sifuri haitoi moja, kwa hiyo yeye akageuza, akatoa ndogo kwenye kubwa, akaandika moja. Mbele tena sifuri juu, tano chini, akageuza, akaandika tano. Mwisho ile moja ya kumi ikashuka peke yake. Ndiyo hiyo 15,100. Kila hatua ameifanya kwa uangalifu, na jibu ni la ajabu: mtu katoa elfu kumi, kanunua, na karudishiwa elfu kumi na tano. Mwanao mteja akimdai chenji ya namna hiyo pale Majengo angemwita mwizi. Kwenye daftari hakushtuka, kwa sababu kwenye daftari zile hazikuwa hela. Ni "ya shule".

Sentensi hiyo aliyokujibu, mwalimu wake angeisikia ingemfaa kuliko ile 14.

Hebu leo usiku mfanyie hivi. Mwambie akurudishie ile chenji kwa hela halisi, polepole, akitamka. Nina hakika hatatoa kabisa. Wauzaji hawatoi, wanapandisha. Ataanzia elfu tano na mia moja, ataweka sarafu ya mia tano na mbili za mia mbili, aseme imekuwa elfu sita. Kisha ataweka noti mbili za elfu mbilimbili, aseme kumi. Alichoweka mezani ndiyo chenji, 4,900. Hiyo ni hesabu kamili, na njia yake inaandikika: 5,100 + 900 = 6,000, halafu 6,000 + 4,000 = 10,000, halafu 900 + 4,000 = 4,900. Mpe kipande cha boksi na kalamu aiandike vilevile alivyoitamka. Usimwandikie wewe.

Akishaandika, ndipo mwingie kwenye ile ya kupanga juu na chini, maana hataikwepa, darasani ndiyo inayofundishwa na kwenye mtihani wataangalia kama anaimudu. Pale alipokwama walimu tunapaita "kukopa". Unakopa kwa jirani, jirani naye hana kitu, inabidi akakope kwa wa mbele yake. Mimi mwenyewe nimesema maneno hayo miaka yote, na sasa nikiyafikiria naona hayaelezi kitu. Hakuna anayekopa hapo. Kinachofanyika ni kuchenji. Una noti moja ya elfu kumi na unataka kutoa mia moja. Utafanyaje? Unaichenji, unapata elfu mojamoja kumi. Mia bado huna, kwa hiyo unachukua elfu moja kati ya hizo unaichenji tena, unapata mia mia kumi. Sasa mkononi una elfu tisa na mia kumi. Toa mia moja, zinabaki mia tisa. Toa elfu tano, zinabaki elfu nne. Mwekee sarafu na noti mezani afanye kwa mikono, kisha afanye ileile kwa kalamu, ile 1 ya mwanzo anaikata, juu ya sifuri anaandika 9, juu ya inayofuata anaandika 10. Hakuna kipya hapo kwake. Kuchenji anakufanyia kila siku kwa majirani zako wa sokoni.

Na mzoeshe jambo moja, kila akimaliza hesabu ya shule aisome kama hela kabla hajafunga daftari. Chenji ikizidi noti, arudi.

Sasa Kigogo. Mwalimu wake amesema mtoto yuko nyuma kwa sababu ya Kigogo cha nyumbani. Simlaumu sana, tulifundishwa hivyo wengi wetu, na wapo waliokwenda mbali zaidi, wakamvisha mtoto kibao shingoni kwa kuongea kilugha. Lakini hapo amekosea. Shule za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili, na Kiswahili mwanao anacho, ndicho anachouzia. Alichokosea kwenye daftari hakina Kigogo ndani yake, ni sifuri na moja. UNESCO walishasema tangu 1953 kwamba mtoto huanza vizuri zaidi kujifunza kwa lugha ya mama yake. Na hata wasingesema, wewe ukiacha Kigogo ukamlea kwa Kiswahili cha kuungaunga ambacho hutaniani nacho wala hukasiriki nacho, utakuwa umemnyima mazungumzo, na mtoto asiyezungumza na mama yake hajaongeza kitu darasani.

Hao wanaomcheka wengi ni wageni wa mji huu. Dodoma ilitangazwa kuwa makao makuu mwaka 1973, lakini serikali ilihamia kwa kishindo kuanzia 2016, na darasa moja siku hizi lina mtoto wa Kigoma, wa Tanga, wa Mara na wa Dar es Salaam. Ni jambo zuri, mimi nalipenda. Ila waulizwe tu hao, mji wenu mpya unaitwa Dodoma kwa nini? Wazee wanasimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji, akanasa kwenye tope, akadidimia, na watu wakasema kwa Kigogo *idodomya*, amedidimia. Darasa la watoto tisini, anayeweza kulisema neno hilo likasikika sawasawa ni mwanao na wachache. Na kiongozi yeyote mkubwa akipanda jukwaani hapa Dodoma, neno lake la kwanza ni hilohilo lako, "Mbukwenyi!", na uwanja mzima unapiga makofi. Akilisema muuza mlenda, kicheko. Tuache hapo, nisije nikaandika ya kunikosesha safu hii.

La "ombaomba" ni jingine. Hilo usilichukulie kama utani wa watoto. Jina hilo Wagogo tumebandikwa miaka mingi kwa sababu ya njaa za huku na watu waliokwenda mijini kunyoosha mkono, na mtoto wa miaka kumi hakulitunga, kalisikia kwa mtu mzima nyumbani kwao. Kwa mwalimu lipeleke kama taarifa, si kama ombi. Mwambie maneno yenyewe yalivyosemwa, mara ngapi, na kwamba mtoto alirudi analia. Shule ina mwalimu wa malezi, ndiyo kazi yake. Usiwataje watoto kwa majina mbele ya wazazi wengine siku ya kikao, utazua ugomvi wa kabila kwa kabila na mwanao ndiye atakayebaki nao darasani Jumatatu.

Sokoni. Hapa mwanangu nitakugombeza kidogo, uvumilie. Mwalimu kusema soko linamharibu, hapana. Soko limemfundisha. Lakini saa mbili usiku? Mtoto wa miaka kumi aliyeamka saa kumi na moja, akatembea kwenda shule, akafagia uwanja, akasoma na pengine hakula, kisha akasimama mezani mpaka usiku, hilo daftari atalifungua saa ngapi? Sheria ya Mtoto ya 2009 imeweka miaka 14 ndiyo umri wa kuanza ajira, na kazi za usiku kwa mtoto imezikataza. Kukusaidia wewe mama yake saa moja baada ya masomo hakuna atakayekukamata, lakini usiku usiwe wake. Saa kumi na mbili awe nyumbani na dada yake au huyo jirani mwenye binti. Kama hapana wa kukaa naye, basi akae nyuma ya meza na daftari, asihudumie. Jumamosi ya Msalato mwachie, ila arudi mchana.

Najua utasema, bila yeye nani atanisaidia jioni wateja wakijaa. Sina jibu la hilo. Utapoteza kidogo.

Nikirudi kwa mwalimu wake, yule aliyejizuia kucheka. Nataka nikusimulie jambo langu ili usimwone mtu mbaya.

Mwaka 1987 nilikuwa nafundisha kijiji kimoja huku Dodoma Vijijini, kama ilivyoitwa wakati ule kabla haijagawanywa. Watoto walikuja shule na dumu la maji mkono mmoja, fagio la chelewa mkono mwingine, na siku ya Jumatano kuni kichwani. Mtoto asiye na dumu alirudishwa. Tulivikagua vyote hivyo mlangoni, mwingine tulimkagua hadi kucha. Siku moja nikatoa zoezi la darasa la tatu: taja vyanzo vitatu vya maji. Nilitaka mito, maziwa, mvua, chemchemi, kama kitabu kilivyosema. Kuna msichana mmoja, mpole, hakuwa na viatu, akaandika mvua, bomba, mchanga. Nikampigia mkasi kwenye mchanga. Nikamwita mbele nikamwuliza, tangu lini mchanga ukatoa maji? Darasa likacheka, na mimi nilicheka, sikujizuia hata kama huyo mwalimu wako.

Oktoba ile bomba la kijiji likaharibika. Wiki mbili hatukuwa na maji ya kupika uji wala ya walimu kunywa. Msichana yule na bibi yake ndio waliotupeleka kwenye korongo kavu nyuma ya kilima, mto ambao unapita maji miezi michache ya masika halafu unabaki mchanga mweupe. Bibi akatembea, akachagua mahali penye majani fulani mabichi kidogo, mtoto akapiga magoti akaanza kufukua kwa kibuyu kilichokatwa. Kina cha mkono wa mtu mzima, mchanga ukawa na unyevu. Kidogo tena, maji yakajaa, ya baridi, meupe. Shule nzima tulikunywa maji ya mchangani mpaka Desemba.

Ile alama moja sikumrudishia. Nilimaliza muhula, nikahamishwa, na daftari lile likabaki na mkasi wake mwekundu. Basi ukimwona mwalimu wa mwanao anakosea, jua kwamba hata mwenye kukuandikia haya alikosea kwa mwenye akili, tena kwa kujiamini.

Kwa hiyo Ijumaa nenda wewe. Baba mdogo na gwanda lake hajawahi kuona chenji ya mwanao, atakaa pale akiitikia tu. Lakini usiende kwa kushtukiza, mtoto atajisikia amesalitiwa. Mwambie Alhamisi, mkiwa wawili, "Nitakwenda mimi. Najua walichokufanyia na nitakwenda kulisema hilo." Usimfokee kwa kukuonea aibu. Hakukuonea wewe aibu, ameogopa kicheko kingine. Mwulize pia anataka usifanye nini ukiwa pale. Pengine atasema usije na beseni. Mkubalie. Beseni mwachie jirani wa meza. Akisema usiseme mbukwenyi, hilo usimkubalie haraka, mwambie utafikiri.

Fika saa saba na nusu. Baada ya kikao mwalimu huzungukwa kama pikipiki yenye ajali, hutamfikia. Kabla ya kikao atakuwa ofisini au chini ya mti anasahihisha. Nenda na vitu viwili, daftari na kile kipande cha boksi alichoandika mtoto. Usianze na lawama wala na Kigogo. Sema, "Mwalimu, shikamoo," au kama ni mdogo kwako sema "habari za kazi", kisha, "Naomba unitazamie hiki. Hapa kaandika 15,100, na hapa nyumbani kaandika hivi. Naomba siku moja umwulize kwa hela." Umwachie boksi. Mwalimu mwenye watoto tisini hawezi kujua kila mmoja anatoka na nini nyumbani, na sio kwamba hataki. Ukimpa kitu anachoweza kukishika, atakitumia kwa watoto wengine pia, maana hao waliotoka Dar es Salaam nao wanaandika 15,100, nakuhakikishia. Akiona inafaa akuite siku moja uje na sado, kopo na mizani yako darasani kwenye somo la vipimo, usikatae. Sado ya lita nne, debe la lita ishirini, watoto wajaze wenyewe wahesabu zinaingia ngapi. Jina la sado lenyewe limetoka kwenye makopo ya rangi, wataipenda hiyo. Asipokuita, usisononeke. Si lazima kila mwalimu aitikie mara ya kwanza.

Mchango. Michango ya lazima ilifutwa shule za serikali tangu Januari 2016. Chakula cha mchana ni makubaliano ya wazazi kikaoni, na mtoto hafukuzwi darasani wala hanyimwi mtihani kwa sababu mzazi hajatoa. Lakini usijifiche nyuma ya hilo ukakaa kimya, maana watoto wanakula wote sufuria moja na mahindi hayashuki kutoka mbinguni. Kamati ikitaja fedha, nyoosha mkono uulize kama wanapokea vitu. Shule nyingi huku zinapokea mahindi, kuni, hata siku ya kupika. Wewe una mlenda mkavu. Watoto wanaokula makande Jumatatu mpaka Ijumaa, siku moja ya ugali na mlenda wa karanga haitawadhuru, na mlenda mkavu kidogo tu unatosha sufuria kubwa, wewe unajua kuliko mimi. Taja kiasi unachokiweza kwa kweli na usiongeze kwa sababu watu wanakutazama. Wakikataa, umesema, na katibu ameandika.

Umeniuliza la mavazi mwisho kabisa, kwa sauti ndogo, nimeliona. Vaa kitenge chako cha kanisani au cha harusi, kilemba kile unachojifunga vizuri, na viatu vinavyokukaa, usiazime vya mtu vikaanza kukubana katikati ya ajenda ya pili. Ukifika mlangoni kikao kitakuwa kimeshaanza kujaa, wazazi wa kila kabila, mwenyekiti mbele. Hapo ndipo utaamua lile ulilomwambia mtoto utalifikiria. Mimi ningewasalimia, kwa sauti, na nina uhakika nusu ya chumba itaitikia.

Baba mdogo akitaka kuja na buti zake, aje. Akae nyuma, ashike beseni.

Mama Mkubwa